Filamu za Spielberg na historia: anapinda wapi?

Swali la msomaji: Mimi na binti yangu wa miaka 16 tumeanza kutazama filamu za Steven Spielberg zilizotokana na visa vya kweli vya kihistoria. Tulipomaliza Lincoln, ile ya Rais Abraham Lincoln na kura ya kufuta utumwa Marekani, yeye akaingia mtandaoni na kurudi na habari kwamba wabunge wa Connecticut hawakupiga kura kama filamu inavyoonyesha. Tangu siku hiyo anasema zote ni uongo mtupu. Mimi nasema nimejifunza humo kuliko nilivyojifunza darasani. Nani yuko sahihi, na tuendelee vipi na zilizobaki?

Jibu: Mzazi mwenzangu, binti yako amemkamata Spielberg pale pale alipostahili kukamatwa. Tarehe 31 Januari 1865 Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yale yaliyofuta utumwa, kwa kura 119 dhidi ya 56. Connecticut ilikuwa na wabunge wanne, na wote wanne walisema ndiyo. Kwenye filamu, wawili wanasema hapana, tena wamepewa majina ya kubuni. Mwaka 2013 mbunge wa jimbo hilo, Joe Courtney, alimwandikia Spielberg kulalamika. Mwandishi wa filamu, Tony Kushner, akajibu hadharani na kukiri kwamba kura hizo zilibadilishwa makusudi, ili mtazamaji aone mapema kwamba matokeo yatabanana. Hata utaratibu wa kuitwa ulibadilishwa: filamu inaita jimbo baada ya jimbo, ilhali siku yenyewe wabunge waliitwa kwa alfabeti ya majina yao.

Utetezi huo haunishawishi. Ilihitajika theluthi mbili ya kura zilizopigwa, yaani 117 kati ya 175. Wangegeuka watatu tu, hoja ingeanguka. Hesabu yenyewe inatosha kumtoa mtu jasho bila kuwasingizia watu wa Connecticut.

Lakini kutoka hapo hadi “zote ni uongo mtupu” ni mbali. Filamu hizi nimezirudia miaka mingi nikiwa na daftari mkononi, na nilichokiona ni kwamba Spielberg hapindi ovyo. Hupinda kuelekea upande mmoja, karibu kila mara. Vitu, mavazi, lugha na sauti hulindwa kwa wivu wa mtunza makumbusho. Kinachopindwa ni idadi ya watu. Kazi iliyofanywa na mikono 20 hutiwa mikononi mwa mtu mmoja au wawili, na steringi wake huwa ama mtu wa kawaida anayegeuka taratibu kuwa shujaa, ama msemaji anayesimama mbele ya wenye mamlaka na kuwageuza kwa maneno. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu huvutia huko. Ukishaujua upande anaovutia, unaweza kubashiri penye chumvi kabla hujafungua kitabu chochote.

Chukua Amistad ya mwaka 1997, ambayo kwangu ndiyo shule nzuri kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna mabaya yake na mazuri yake yote. Kisa chenyewe ni hiki. Julai 1839, Waafrika 53 waliokuwa wakisafirishwa kutoka Havana kwa meli iitwayo La Amistad waliasi, wakiongozwa na Sengbe Pieh, Mmende kutoka eneo ambalo leo ni Sierra Leone. Waliwaacha hai Wahispania wawili wawaendeshee meli kuelekea Afrika. Hao wakawa wanaelekea mashariki mchana na kuigeuza kaskazini usiku, hadi meli ikakamatwa na Wamarekani karibu na Long Island mwezi Agosti. Waafrika wakafungwa Connecticut, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu.

Nakiri kosa langu. Nilipoitazama mara ya kwanza nilivutwa sana na Theodore Joadson, mwanaharakati mweusi anayeigizwa na Morgan Freeman. Mzee mtulivu, aliyewahi kuwa mtumwa, yupo kila panapotokea jambo. Nikaenda kumtafuta. Nilipekua faharasa za vitabu vitatu kabla sijaelewa kwamba mtu huyo hajawahi kuishi. Wapo weusi halisi ambao wangeweza kukaa kwenye kiti chake: mmojawapo ni James Pennington, mchungaji wa Hartford aliyetoroka utumwani, ambaye mwaka 1841 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kimisionari kwa ajili ya watu wa Amistad. Filamu imemwacha mtu mwenye jina na kaburi, ikamtengeneza mwingine.

Sasa tazama pale mawakili wanapokosa mkalimani. Roger Baldwin, wakili wa Waafrika hao, na huyo Joadson wanazunguka bandarini wakihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu kwa Kimende, hadi baharia mmoja anashtuka na kuwajibu. Ni sehemu tamu kiasi kwamba mtu makini atasema imetungwa. Ilitokea kweli. Aliyefanya hivyo ni Josiah Gibbs, profesa wa lugha wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyejifunza namba kutoka kwa wafungwa wenyewe kisha akaenda kutembea gatini New York akizitamka, mpaka akampata James Covey, baharia wa manowari ya Uingereza aliyekuwa anajua Kimende. Filamu imechukua ushujaa wa Gibbs ikawapa Baldwin na mtu wa kubuni, halafu Gibbs mwenyewe ikamfanya kichekesho, msomi anayebabaika na tafsiri. Na lugha ndiyo iliyokuwa moyo wa kesi. Hispania ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuingiza watumwa wapya kutoka Afrika. Nyaraka za meli ziliwaita wafungwa hao watu wa Cuba wa siku nyingi, na hapo hapo hawakujua Kihispania, hata watoto. Mtu aliyetekwa kinyume cha sheria ya Hispania yenyewe si mali ya Mhispania.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi, maana hapa historia ilikuwa na hadithi bora kuliko ya filamu. Filamu inaonyesha Rais Van Buren akipanga hakimu aondolewe na kuletwa mwingine kijana, wanayedhani atawatii, na kijana huyo anawashangaza. Hakimu kijana hakuwapo. Aliyeamua kesi ile Januari 1840 ni Andrew Judson yule yule wa mwanzo, na huyu hakuwa rafiki wa watu weusi hata kidogo: mwaka 1833 alikuwa mstari wa mbele kupiga vita shule ya Prudence Crandall, mwalimu mweupe aliyethubutu kufundisha wasichana weusi huko huko Connecticut. Rais alikuwa na uhakika naye kiasi cha kuiweka manowari Grampus ikisubiri New Haven ili iwasombe Waafrika kuwarudisha Cuba mara tu hukumu ikisomwa. Judson akaamua warudishwe Afrika. Mtu mwenye chuki aliyebanwa na ushahidi mpaka akatoa haki! Ningelipa kiingilio mara mbili kumwona mtu huyo kwenye skrini.

Kuhusu hotuba ya John Quincy Adams, aliyewatetea Waafrika hao Mahakama ya Juu, ile ya Anthony Hopkins mwishoni, tayari unaweza kubashiri. Adams halisi, rais mstaafu wa miaka 73, alisema kwa zaidi ya saa nane, zilizogawanywa katika siku mbili. Sengbe Pieh hakuwa amekaa nyuma yake. Wafungwa walibaki Connecticut wakati kesi ikisikilizwa Washington. Na hukumu ya tarehe 9 Machi 1841, iliyoandikwa na Jaji Joseph Story, ilisimama juu ya ile hoja kavu ya nyaraka na mkataba na Hispania. Maneno matamu kuhusu mababu, ambayo kwenye filamu yanatikisa chumba kizima, hayamo. Walionusurika 35 walifika Sierra Leone mapema mwaka 1842.

Na bado ninaipendekeza, kwa sababu ya upande wa pili. Waigizaji walijifunza Kimende na wanakizungumza kwa muda mrefu. Sehemu ya safari ya baharini, ya minyororo na watu wanaotupwa majini, si ya chumvi. Ukisoma ushahidi wa biashara ile utakuta filamu imejizuia.

Bridge of Spies (2015) inaupinda ukweli vile vile, kwa upole zaidi. Wakili James Donovan anamtetea jasusi wa Kisovieti, Rudolf Abel, aliyekamatwa New York mwaka 1957. Kisha tarehe 10 Februari 1962 anasimamia ubadilishanaji wa Abel na Francis Gary Powers, rubani Mmarekani aliyekuwa ameshikwa na Wasovieti, kwenye daraja la Glienicke, kati ya Berlin Magharibi na Potsdam. Yote hayo ni kweli. Lakini filamu inamtaka Donovan awe wakili wa bima aliyetupwa kwenye maji marefu, kwa hiyo inapunguza wasifu wake. Donovan alikuwa mwanasheria mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kule Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Kinazi, alikuwa upande wa mashtaka, jambo ambalo filamu inaligusa kwa kupitapita. Ndiye aliyesimama mahakamani tarehe 29 Novemba 1945 kutambulisha filamu ya kambi za mateso kama ushahidi. Yaani mtu aliyeingiza sinema mahakamani anageuzwa, ndani ya sinema, kuwa mgeni wa mambo hayo. Risasi zinazovunja madirisha ya nyumba yake hazikupigwa. Karibu miaka mitano kati ya kukamatwa kwa Abel na siku ya daraja imekunjwa mpaka mtazamaji anaiona kama miezi.

Na kuna kitu ambacho filamu haikuweza kukitumia vizuri: huyo “Abel” jina lake halisi lilikuwa Vilyam Fisher, na alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1903. Ndiyo maana Kiingereza chake kilikuwa kinapita.

Nirudi kwenye Lincoln, maana naona binti yako amekamata kosa dogo akaliacha kubwa. Ile Connecticut ni kosa la kusema. Kosa kubwa zaidi ni la kunyamaza. Kuanzia Januari hadi Aprili 1865, kipindi chote cha filamu, humuoni Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, hata mara moja, na huyu tarehe 4 Machi mwaka huo alikuwa Ikulu kwenye hafla ya kuapishwa kwa Lincoln, baada ya walinzi kujaribu kumzuia mlangoni. Elizabeth Keckley yumo, lakini kama mshonaji wa mke wa rais anayekaa kimya kwenye roshani ya bunge. Hakuna anayetuambia kwamba mwaka 1862 alianzisha chama cha kuwasaidia waliotoroka utumwa na kufika Washington mikono mitupu. Wanawake wa Kaskazini walikusanya karibu sahihi 400,000 kudai utumwa ufutwe, na masanduku yao yakabebwa hadi Seneti. Hayo yote yamo nje ya fremu, kwa sababu ndani ya fremu kuna mtu mmoja na vyumba vyenye moshi. Mwanahistoria Kate Masur alilisema hili filamu ilipotoka mwaka 2012, na sijaona aliyemjibu vizuri.

Kwa upande wa vitu, lakini, tega sikio. Mlio wa saa ya mfukoni unaosikia ni wa saa iliyokuwa ya Lincoln mwenyewe, inayohifadhiwa Kentucky, walikwenda kuurekodi. Sauti nyembamba ya Daniel Day-Lewis, anayemwigiza Lincoln, ambayo wengi walishangaa kuisikia, inalingana na maelezo ya watu waliomsikia Lincoln kwa masikio yao. Sauti nzito tunayoikumbuka ndiyo ya kubuni, na filamu nyingine ndizo zilizotuzoesha.

Schindler's List (1993), kisa cha Oskar Schindler, mwenye kiwanda Mjerumani aliyewaokoa Wayahudi kutoka kwa Wanazi kwa kuwaandika kwenye orodha ya wafanyakazi wake, naiweka peke yake, lakini hata yenyewe kanuni ni ile ile. Itzhak Stern, mhasibu wa Schindler kwenye filamu, amebebeshwa kazi za watu kadhaa, wakiwemo Mietek Pemper na Abraham Bankier. Ile sehemu maarufu ya usiku, Schindler akitaja majina naye Stern akipiga taipu, haikuwa hivyo. David Crowe, aliyeandika wasifu wa Schindler mwaka 2004, anaonyesha kwamba orodha ilipokuwa ikitengenezwa Schindler alikuwa mahabusu, na aliyeshika kalamu kwa sehemu kubwa ni Marcel Goldberg, karani aliyepokea rushwa ili kuingiza majina na, maana yake, kuyaacha mengine. Ni habari chungu, na haipunguzi lolote katika watu zaidi ya 1,000 waliopona kwa fedha na ujanja wa Schindler. Emilie, mkewe, kwenye filamu ni mke anayedanganywa. Januari 1945 mabehewa yaliyofungwa, yenye Wayahudi zaidi ya 100 kutoka kambi ya Golleschau walioganda kwa baridi, yalifika kwenye kiwanda cha Schindler huko Brünnlitz, na Emilie ndiye aliyewauguza walionusurika mmoja mmoja. Hilo halimo.

Nyingine nitazipitia haraka. Saving Private Ryan (1998) si kisa cha kweli. Ni kisa cha wanajeshi wanaotumwa kumtafuta askari ambaye ndugu zake wamekufa vitani, kilichotungwa kutokana na familia ya Niland, na katika familia hiyo hakuna kikosi kilichotumwa kumtafuta mtu. Ndugu mmoja waliyemdhania amekufa alikuwa mateka wa Wajapani na akarudi. Sehemu ya mwanzo ya kutua ufukoni Normandy, hata hivyo, iliyopigwa picha Ireland, wazee wengi waliopigana siku ile waliisifu. The Post (2017) inaliweka mbele Washington Post, wakati New York Times ndilo lililoanza kuchapa nyaraka za Pentagon, yaani ripoti ya siri ya serikali ya Marekani kuhusu vita vya Vietnam, Juni 13, 1971, siku tano kabla. Munich (2005), inayohusu majasusi wa Israel waliotumwa kuwaua Wapalestina walioshukiwa kupanga shambulio dhidi ya wanamichezo wa Israel kwenye Olimpiki ya 1972, inaacha jambo moja zito: Julai 1973, huko Lillehammer, Norway, majasusi wa Israel walimuua Ahmed Bouchikhi, mhudumu wa mgahawa kutoka Morocco, wakidhani ni mtu mwingine. Filamu yote inahusu mashaka ya wauaji, na tukio ambalo lingeyapa mashaka hayo mwili limekosekana.

Na Catch Me If You Can (2002), ambayo si ya vita wala ya wanasiasa, ningeitazama kwa kicheko. Inatokana na kitabu cha Frank Abagnale kuhusu utapeli wake wa ujanani, jinsi alivyojifanya rubani, daktari na wakili. Waandishi wa habari walianza kukitilia shaka kisa hicho tangu miaka ya 1970, na mwaka 2020 mtafiti Alan Logan alitoa kitabu chenye rekodi zinazoonyesha kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo ya “urubani” Abagnale alikuwa kifungoni jimbo la New York. Hapa Spielberg hakupinda kitu. Aliuziwa kitu kilichokwisha pindwa.

Hapo ndipo maneno ya mwanzo wa filamu yanapohitaji kusomwa. “Imetokana na kisa cha kweli” na “imechochewa na matukio ya kweli” si kauli moja. Hakuna ofisi inayopima wala asilimia iliyowekwa, lakini kwa kawaida ile ya pili ni mlango ambao watengenezaji wamejiachia wazi. Munich na Catch Me If You Can zote zinatumia kauli ya namna hiyo.

Mtazameje, basi? Mara ya kwanza simu zote ziwe mbali. Filamu iliyokatizwa kila dakika kumi kwa ajili ya kukaguliwa si filamu tena, na binti yako atakuwa anawinda makosa badala ya kuona. Ikiisha, kila mmoja aandike, bila kumwonyesha mwenzake, sehemu tatu anazozitilia shaka na moja anayoamini ni ya kweli ingawa inaonekana ya kutungwa. Hiyo ya nne ndiyo yenye raha, kwa sababu ndipo wengi hukosea. Kisha mtafute. Mambo ya mahakama na bunge yana kumbukumbu: kura za mwaka 1865 zimechapwa jina kwa jina, hukumu ya Amistad inasomeka nzima, na Donovan aliandika kitabu chake mwenyewe mwaka 1964.

Kama mnataka pa kuanzia kushuku, mimi huanza na watu wawili wanaozungumza faraghani bila shahidi. Hotuba inayogeuza chumba. Mhusika asiye na cheo cha kueleweka ambaye yupo kila mahali. Na mambo mawili makubwa yanayotokea siku moja. Baada ya hapo najiuliza nani hayumo. Hilo la mwisho haligunduliki kwa kutazama mara mbili wala mara kumi. Lazima usome.

Kwa mpangilio, nendeni Bridge of Spies kwanza, kwa sababu ni nyepesi na binti yako atapata mazoezi ya kupata makosa. Kisha Amistad. Kisha rudini Lincoln, maana hizo mbili ni kesi moja iliyoachana miaka 24, na safari hii atakuwa anamtafuta Keckley kwenye roshani badala ya kuhesabu Connecticut. The Post na Munich zinaweza kungoja.

Schindler's List iacheni mwisho. Ina saa tatu na robo. Msiigawe siku mbili, na msiianze usiku. Karibu na mwisho wafanyakazi wanamkabidhi Schindler pete waliyoitengeneza kwa dhahabu ya meno ya mmoja wao, yenye maneno ya Talmudi, kitabu cha mafundisho ya Kiyahudi, yaliyochongwa ndani. Mkifika hapo nyamaza, mwache aiandike kwenye orodha yake upande anaoutaka. Pete hiyo ilikuwapo kweli, na mwenye meno aliitwa Simon Jeret.